Macho Hayana Pazia: Historia ya Kuendesha Kompyuta kwa Macho

Utangulizi

Wahenga walisema macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba jicho huona kila kinachopita mbele yake, kiwe kimekusudiwa au la, wala mwenye jicho halaumiwi kwa kuona. Methali hii ni ya zamani kuliko kompyuta yoyote, lakini nilipoanza kusoma juu ya mashine zinazoendeshwa kwa macho niliona kwamba inaeleza kwa maneno matatu tatizo lililowasumbua wahandisi kwa miaka mingi. Ikiwa jicho huona kila kitu, kompyuta itajuaje ni kitu gani mwenye jicho anakitaka, na ni kipi amekitupia macho tu?

Ninaposema kuendesha kompyuta kwa macho nina maana hii: mtu ameketi au amelala mbele ya skrini, hagusi kibodi wala kipanya. Anatazama herufi iliyochorwa kwenye skrini, kamera ndogo inapima mahali macho yake yanapoelekea, na baada ya muda mfupi herufi hiyo inaandikwa. Kwa njia hii anaweza kuandika barua, kufungua faili, au kuiamuru kompyuta iseme maneno yake kwa sauti.

Katika insha hii nitaifuata historia hiyo kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, wataalamu walilichunguza jicho. Katika hatua ya pili, waliifundisha mashine kulitii jicho. Hatua ya tatu ndiyo tuliyomo sasa, ambapo swali ni nani atafaidika na macho ya watu. Hoja yangu ni kwamba kazi hii ilisukumwa mbele zaidi na mahitaji ya watu waliopoteza njia nyingine zote za kusema, na kwamba sisi tunaosema Kiswahili na lugha jirani zake tuna sehemu yetu ya kazi ambayo hakuna mgeni atakayetufanyia.

Jicho lachunguzwa

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba msomaji hupitisha macho yake juu ya mstari taratibu bila kukatiza, kama mtu anayetelezesha kidole mezani. Mwishoni mwa miaka ya 1870, katika maabara iliyoongozwa na daktari wa macho Émile Javal mjini Paris, ilionekana kuwa sivyo. Msaidizi wake Lamare alisikiliza miendo ya jicho kwa kutumia kijibomba kilichowekwa kwenye kope, akasikia kwamba jicho huruka, hutulia, kisha huruka tena. Leo tunajua kuwa wakati wa kusoma kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde, na kwamba wakati wa kuruka jicho karibu halioni chochote. Inasikitisha kwamba Javal mwenyewe alipata ugonjwa wa glakoma akawa kipofu kabisa mwaka 1900. Hata hivyo hakuacha kazi: aliandika kitabu cha kuwashauri vipofu wenzake.

Waliofuata walitaka kuiandika miendo hiyo, si kuisikia tu. Huko Marekani, Edmund Huey alitengeneza kikombe kidogo cha plasta chenye tundu katikati, akakiweka juu ya jicho la mtu lililotiwa ganzi kwa kokeini, akakiunganisha na kijiti chepesi cha alumini kilichochora miendo ya jicho kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Njia hiyo ilileta matokeo, lakini ni nani angekubali kusoma gazeti kwa mateso hayo? Mwaka 1901 Raymond Dodge na mwenzake Cline walipata njia bora zaidi. Walimulika jicho, wakapiga picha ya mng'ao wa mwanga unaorudi kutoka kwenye konea, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya jicho. Kwa mara ya kwanza jicho lilifuatiliwa bila kuguswa. Vifaa vingi tunavyovitumia leo bado vinautegemea mng'ao huo.

Baada ya hapo uchunguzi ulitoka kwenye kusoma ukaingia katika mambo mengine. Guy Buswell wa Chicago alichapisha mwaka 1935 utafiti juu ya namna watu wanavyotazama picha. Mwaka 1947 Paul Fitts na wenzake waliweka kamera za filamu ndani ya ndege ili kujua marubani hutazama vipimo gani wanapotua, na kwa msingi huo ikawezekana kufikiria upya mpangilio wa vipimo hivyo.

Kwa maoni yangu, jaribio lenye maana kubwa zaidi katika hatua hii ni la Alfred Yarbus wa Urusi ya Kisovieti, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1967. Yarbus alimwonyesha mtu mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mwanamume akirudi nyumbani bila kutarajiwa, kisha akamuuliza maswali mbalimbali. Alipomtaka akadirie umri wa watu waliochorwa, macho yalizunguka kwenye nyuso. Alipomtaka akadirie hali ya mali ya familia hiyo, macho yalihamia kwenye nguo na samani. Mchoro ulikuwa uleule na mtazamaji yuleyule, lakini njia ya macho ilibadilika kufuatana na swali. Kwa hiyo macho hufuata nia. Na kama nia inaonekana katika macho, basi huenda mashine nayo ingeweza kuisoma.

Mashine yaanza kutii

Wazo hilo lilisubiri kompyuta zenye kasi ya kutosha. Mwaka 1981 Richard Bolt wa chuo cha MIT alieleza mfumo uliokuwa na skrini kubwa yenye video nyingi zinazocheza kwa pamoja. Mtu alipoikazia macho mojawapo, ilikuzwa na sauti yake ikasikika. Katika muongo huohuo Thomas Hutchinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walitengeneza mfumo wa ERICA, uliokusudiwa hasa watu wenye ulemavu mkubwa wa viungo.

Namna mifumo ya aina hii inavyofanya kazi si ngumu kuielewa. Taa ndogo ya infraredi, ambayo mtu haioni, hulimulika jicho na kuacha nukta ya mng'ao kwenye konea. Jicho linapogeuka, mboni husogea lakini nukta ile hubaki karibu mahali pake. Kamera huziona zote mbili, na kompyuta hupima umbali na mwelekeo kati yake. Kabla ya kuanza, mtumiaji hutakiwa kutazama vituo kadhaa kwenye skrini, pembeni na katikati, ili mashine ilizoee jicho lake, kwa sababu hakuna macho mawili yanayofanana kabisa.

Mpaka hapo tatizo la kupima lilikuwa limepata dawa, na hapo ndipo tatizo la methali yetu likajitokeza. Mwaka 1990 Robert Jacob wa maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani alilipa jina la mguso wa Midas, yule mfalme wa hadithi za Kigiriki ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, hata chakula chake. Mtumiaji wa kompyuta ya macho naye kila anachokitazama kinafunguka. Akitaka tu kusoma jina la faili, faili inafunguka. Akitafuta herufi ya k, njiani anaandika herufi tatu nyingine. Kidole kikichoka hukiondoa kwenye kibodi, lakini jicho utalipeleka wapi? Halina pazia.

Dawa iliyozoeleka ni muda. Kompyuta huamriwa isitii mtazamo wa kupita, ingoje mpaka macho yatulie mahali pamoja, kwa mfano kwa nusu sekunde au sekunde nzima. Wengine huongeza kitufe cha kubonyeza au kukonyeza jicho. Kila dawa ina gharama yake. Muda ukiwa mfupi makosa yanazidi, ukiwa mrefu mtumiaji anachoka. Isitoshe, jicho si sahihi kama kipanya. Kosa la digrii moja tu, kwa mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, ni sentimita moja nzima, hivyo vitufe vya kutazamwa lazima viwe vikubwa. Ndiyo sababu mtu mwenye mikono mizima hakuona haja ya kuacha kipanya chake, na mashine hizi zilibaki kwa wale wasio na njia nyingine.

Wasio na njia nyingine

Mfano unaojulikana zaidi haukuwa na kompyuta kabisa. Mwezi Desemba 1995 Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa, alipata kiharusi kikali. Alipozinduka, akili yake ilikuwa timamu lakini mwili wote ulikuwa umepooza, isipokuwa kichwa alichoweza kukigeuza kidogo na kope la jicho la kushoto. Msaidizi alimtajia herufi moja baada ya nyingine, naye alipepesa kope ilipofika aliyoitaka. Kwa njia hiyo alitunga kitabu kizima, kilichotoka Machi 1997, siku chache tu kabla hajafariki.

Jambo moja katika habari hiyo husahaulika. Herufi hazikutajwa kuanzia A hadi Z. Zilianza E, S, A, R, I, N, yaani zilipangwa kwa wingi wake katika lugha ya Kifaransa, ili zile zinazotumika sana zifikiwe mapema. Kabla ya kamera na infraredi, kifaa cha kwanza cha Bauby kilikuwa ujuzi wa lugha yake.

Mashine nazo ziliendelea. Katika miaka ya 1990 James Gips na wenzake wa Boston College walitengeneza mfumo wa EagleEyes, ambao hautumii kamera bali vipande vidogo vinavyobandikwa kuzunguka macho ili kunasa umeme hafifu unaobadilika jicho linapogeuka. Mwaka 2001 kampuni ya Tobii ilianzishwa nchini Sweden, ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vifaa hivi. Mwaka 2009 kikundi cha wasanii na waandaaji wa programu kilimtengenezea Tony Quan, mchoraji wa kuta wa Los Angeles aliyepoozeshwa na ugonjwa wa ALS, kifaa kiitwacho EyeWriter. Walitumia miwani ya bei rahisi na kamera ya mchezo wa video, wakauweka wazi mpango wao ili yeyote aweze kuunakili. Quan akaanza kuchora tena, kwa macho.

Ni haki kusema pia kwamba njia hii haimfai kila mtu. Stephen Hawking, mwanafizikia maarufu wa Uingereza, alijaribiwa kwa kamera ya macho lakini kope zake zilizolegea ziliizuia, akaendelea kutumia msuli wa shavu. Mashine nzuri kwa mmoja inaweza kuwa bure kwa mwingine.

Herufi 76 za neno moja

Hapa naomba kuleta habari za nyumbani, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nichague mada hii. Mjomba wangu wa Masaka, hapa Uganda, alipata kiharusi kilichomwondolea sauti na nguvu za mikono. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu. Binamu yangu alikuwa akikaa kando ya kitanda, anataja herufi kama tulivyofundishwa shuleni, na mjomba anainua macho herufi ikifika. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo ilivyotokea tu.

Siku moja nilihesabu. Maji kwa Kiluganda ni amazzi. Kufika a ni herufi 1, m ni 13, a tena 1, z ni 26, z ya pili 26, na i ni 9. Jumla ni herufi 76 za kutajwa ili mtu aombe maji. Tulizoea kukisia mapema ili kumpunguzia uchovu, lakini baada ya ama- tulikuwa bado njiapanda. Maziwa ni amata, mayai ni amagi, na macho ni amaaso. Mtazame Kiswahili uone hali ni ileile: maji, maziwa, mayai, macho. Yote huanza na ma-, na yote ni mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyataja siku moja.

Tukirudi kwenye kompyuta, tatizo hilo linakuwa kubwa zaidi. Mtu anayeandika kwa macho huandika polepole, kwa kawaida maneno machache tu kwa dakika, hivyo programu humsaidia kwa kukisia neno baada ya herufi mbili au tatu. Ukisiaji huo ulianza kutengenezwa kwa lugha kama Kiingereza, ambamo maneno ni mafupi na mwanzo wa neno humtofautisha ndugu na ndugu. Chukua neno nitakupigia. Lina herufi 11. Baada ya herufi sita, nitaku-, programu inayotegemea orodha ya maneno haijui bado kama nitakupigia, nitakuletea, nitakusubiri au nitakuombea. Mwanzo wa neno letu hubeba nafsi, wakati na mtendewa, na shina la kitenzi huja nyuma.

Lakini hapohapo pana faida. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefundishwa kuchambua viambishi tangu mwaka wa kwanza. Kama skrini ingeonyesha viambishi badala ya herufi peke yake, mtumiaji angetazama ni, kisha ta, kisha ku, kisha pigia. Mitazamo minne badala ya kumi na mmoja. Na kwa herufi zenyewe, mpangilio wetu usingeanza na E ya Wafaransa. Katika methali yetu, macho hayana pazia, mna herufi 16, na 6 kati yake ni a.

Kwamba jambo hili linawezekana, historia inathibitisha. Mwaka 2002 David Ward na David MacKay wa Cambridge walieleza programu iitwayo Dasher, ambamo herufi humjia mtumiaji kutoka upande mmoja wa skrini, na ile yenye uwezekano mkubwa wa kufuata huwa na kisanduku kikubwa zaidi. Mtumiaji huelekeza macho tu, kama dereva anavyotazama anakokwenda. Walioizoea waliweza kufikia maneno 25 kwa dakika. Jambo muhimu kwetu ni kwamba Dasher hujifunza kutoka kwenye matini inayopewa. Ukiilisha matini ya Kiswahili, itapanga visanduku kwa Kiswahili. Kwa hiyo kinachotakiwa ni matini nyingi na safi, na watu wanaoijua lugha.

Nani atafaidika na macho yetu?

Katika miaka ya karibuni kampuni kubwa zimeingia. Mwaka 2017 Microsoft iliweka uwezo wa kuendesha kwa macho ndani ya Windows 10, kazi iliyotokana kwa sehemu na mchezaji wa mpira wa Marekani Steve Gleason, mgonjwa wa ALS, aliyewaomba wahandisi wamtafutie njia. Mwaka 2020 Google ilitoa programu ya simu iitwayo Look to Speak, ambayo mtu hutazama kushoto, kulia au juu ili kuchagua sentensi, na sentensi hizo anaweza kuziandika mwenyewe. Mwaka 2024 Apple iliongeza uwezo wa kufuatilia macho kwenye simu kwa kutumia kamera yake ya mbele tu. Simu inayoweza kazi hiyo bado ni ghali kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, lakini si ya kuagizwa kwa njia maalumu.

Habari hizi zina upande wa pili. Kampuni ya Eye Tribe ya Denmark iliwahi kuuza kifaa cha kufuatilia macho kwa dola 99. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilinunuliwa na Facebook kwa ajili ya miwani ya uhalisia wa kompyuta, na kifaa hicho cha bei nafuu kikaacha kuuzwa. Wafanyabiashara wa matangazo nao wanataka kujua wateja hutazama nini dukani na kwenye skrini. Kumbuka alichokionyesha Yarbus: njia ya macho hufichua nia. Kifaa kinachompa mgonjwa sauti kinaweza pia kusoma moyo wa mtu mzima asiyetaka kusomwa. Kwa hiyo sheria za kulinda taarifa binafsi zinapaswa kuyataja macho waziwazi.

Kwa upande wa haki, Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Kenya pia mwaka huohuo. Mkataba huo unatambua haki ya mtu kutoa mawazo yake kwa njia ya mawasiliano anayoichagua. Hata hivyo ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi ndio wanaovipata. Haki ipo kwenye karatasi. Kifaa hakipo kitandani.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba jicho lilianza kuchunguzwa kwa kusikilizwa na kuguswa, likafuatiliwa kwa mwanga, kisha likawa amri ya kompyuta. Nimeonyesha pia kwamba tatizo gumu lilikuwa kutofautisha kutazama na kutaka, na kwamba waliowasukuma wahandisi hawakuwa matajiri wa teknolojia bali wagonjwa waliolala kimya wakijua wanachotaka kusema.

Kamera zitaendelea kushuka bei bila msaada wetu. Ila hakuna kamera itakayojua yenyewe kwamba baada ya ma- mtu anaweza kuwa anaomba maji, maziwa au mayai. Hiyo ni kazi ya wanaoijua sarufi ya Kibantu, nao wamo katika madarasa yetu. Ubao wa herufi uliopangwa kwa lugha ya mgonjwa hauhitaji hata umeme, unaweza kuandikwa kwenye kadibodi jioni moja. Ningependa idara zetu za Kiswahili zianze na huo, kisha ziwapelekee wanafunzi wa kompyuta orodha ya viambishi.